Kisima cha Mama Misenga

Zakari Sumaili alikuwa fundi bati. Baba yake alitoka Kasongo, kule Maniema, akaja Lubumbashi kutafuta kazi ya reli. Zakari alizaliwa mjini, akajifunza kukata na kukunja bati kwa mjomba wake. Alitengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, ndoo, mabeseni na milango ya vibanda. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Naviundu, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni, na majirani walikuwa wameuzoea mlio wa nyundo yake kiasi kwamba siku asipofanya kazi walituma mtu kuuliza kama anaumwa.

Watu walimwamini. Msikitini ndiye aliyeachiwa funguo. Ndoa ikiharibika aliitwa kusikiliza pande zote mbili, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kunyamaza muda mrefu kabla ya kusema. Baadaye, kila alipokumbuka jinsi watu walivyoisifu tabia hiyo, uso ulimwaka.

Upande wa chini wa ua wake, nyuma ya uzio wa matete, aliishi mjane aliyeitwa Mama Misenga na binti yake Dorcelle. Wazazi wa Mama Misenga walitoka jimbo la Kasai, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Lubumbashi kama Zakari, na hakuwa amewahi kulala usiku mmoja nje ya Katanga. Mabomba ya mji yalipoanza kukauka, mumewe alichimba kisima uani, akakijengea ukingo wa matofali ya kuchoma. Alikufa kabla hajakipaka saruji. Mjane aliliacha geti wazi tangu asubuhi hadi jioni, na mtaa mzima ulichota pale bure. Sharti lake lilikuwa moja tu: watu watumie ndoo yake ya kuchotea, wasitumbukize za kwao zilizowekwa chini kwenye udongo.

Mwaka 1991, askari ambao mishahara yao haikuwa na maana tena walianza kupora maduka, na raia wakawafuata. Kwa siku kadhaa Lubumbashi ilibeba vitu vyake kichwani: friji, milango, mabati ya paa, viti vya ofisi. Nje ya mji kulikuwa na shamba kubwa lenye ghala, na ghala hilo nalo likavunjwa. Mmoja wa waliokwenda huko alikuwa Chomba, jirani wa Zakari, mtu wa sauti kubwa aliyekuwa amepoteza kazi ya kuyeyusha shaba. Alirudi akisukuma mkokoteni uliojaa mapipa ya chuma.

"Ba Zakari," alisema, "bati ya kununua haiko tena mu Lubumbashi. Tazama hii. Chuma ya muzuri."

Mapipa yalikuwa na picha ya fuvu la kichwa cha mtu. Zakari alifungua kifuniko kimoja, akarudi nyuma. Chini mlikuwa na mabaki ya maji mazito, meupe kama maziwa, yenye harufu ya kukata pua. Ilikuwa dawa ya kuua wadudu wa mahindi. Alisimama kimya kama kawaida yake. Kisha akayachukua mapipa yote, kwa sababu hakuwa amegusa bati jipya kwa muda mrefu na nyumbani walikuwa wanakula bukari, yaani ugali, mara moja kwa siku.

Alijua ilikuwa sumu. Jambo hilo hakuweza kulikana baadaye, hata mbele ya nafsi yake. Kwa ndoo na mabeseni hakutumia hata pipa moja. Aliyakatia mbabula na milango tu. Lakini kabla ya kuyakata ilibidi ayasafishe, na aliyasafisha kwa maji na sabuni juu ya shimo lililokuwa mwisho wa ua wake, karibu na ule uzio wa matete. Yale maji meupe yalizama taratibu kwenye udongo mwekundu. Alijiambia kwamba udongo ni mwingi na unachuja kila kitu.

Mvua za Novemba zikaja kwa nguvu. Shimo likafurika usiku mmoja, na asubuhi lilikuwa limejaa hadi juu. Siku mbili tatu baadaye Zakari alipita kwa Mama Misenga kuchota maji ya udhu. Alipoyainua kwa viganja kuelekea usoni aliisikia ile harufu, nyembamba sana, kama kitu kinachopita mbali. Aliyamwaga. Akaangalia kulia na kushoto kama kuna mtu amemwona akimwaga.

Siku ile ile alimwambia mkewe, Alima, "Kuanzia leo, mayi ya kukunywa tutachota kwa ba Muhindo."

Muhindo alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini. Alikaa juu kabisa ya mteremko na alikuwa na kisima kilichofunikwa.

"Kule juu, na tumbo hii?" alisema Alima. Alikuwa mjamzito. "Juu ya nini? Kwa Mama Misenga iko hapa hapa."

"Pale bantu banakuwa bengi. Fanya vile ninasema."

Alima alidhani mumewe amekosana na jirani na anaona haya kusema. Akachukua bidoni, dumu lao kubwa, akapanda. Binti yao Mounira akamfuata na dumu dogo. Majirani wengine waliendelea kushuka kwa Mama Misenga na kuchota, na Zakari aliwasikia wakisalimiana nyuma ya uzio huku yeye akigonga bati. Kila asubuhi alijiambia leo atasema. Halafu aliwaza Chomba na mapipa ya wizi, aliwaza funguo za msikiti, akaendelea kugonga.

Mtoto wa Ngosa, jirani mwingine, ndiye aliyeugua wa kwanza. Alitoa udenda, akatetemeka miguu, akatapika mpaka macho yakapinduka. Wakafuata wazee wawili, kisha nyumba moja nzima. Ngosa alimbeba mwanawe mgongoni hadi hospitali, akakaa naye kwenye sakafu ya varanda kwa sababu vitanda vilikuwa vimeporwa. Mtoto alipona, lakini hilo halikujulikana mapema.

Huo ulikuwa wakati ambapo maneno mengine yalikuwa yakitembea mjini. Kwenye mikutano na kwenye baa watu walikuwa wakiambiwa kwamba njaa yao ina kabila, kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Miji ya jirani ilikuwa imeanza kuwafukuza. Kwa hiyo mtaa ulipouliza ni maji gani yamewadhuru watu, na jibu likawa ni maji ya Mama Misenga, hakuna aliyetafuta zaidi.

Waliingia uani kwake mchana, Chomba mbele, vijana nyuma yake. Mama Misenga alikuwa akichuma mboga za lengalenga bustanini. Alisimama, akajifuta mikono.

"Mayi yako inaua batoto," alisema Chomba. "Umetia nini mule?"

"Chomba, nikitia kitu, nitakunywa nini miye na mutoto wangu?"

Alishusha ndoo kisimani, akachota, akanywa mbele yao. Wengine waliangalia chini. Wengine walisema ana dawa ya Kikasai ya kujikinga.

Zakari alikuwa amesogea hadi kwenye uzio. Chomba akamwona.

"Ba Zakari, weye uko muntu wa Mungu, na uko voisin yake, uzio iko moja. Sema. Uliona kitu?"

Watu wote waligeukia uzio. Zakari alimwangalia Mama Misenga, naye alikuwa anamwangalia yeye, ndoo bado mkononi. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa unangoja.

"Miye sikuona kitu," alisema Zakari.

Alikuwa amechagua maneno ambayo angeweza kuapa nayo. Hakumshtaki. Lakini alijua, wakati yanamtoka, kwamba kila mmoja pale angeyasikia anavyotaka. Vijana waling'oa bustani. Mawe yalipiga bati la paa hadi jioni, na bati hilo Zakari ndiye aliyelipigilia misumari. Asubuhi Mama Misenga alifunga godoro, masufuria na picha ya marehemu mumewe, akaondoka na Dorcelle kwenda stesheni, ambako watu wa Kasai walikuwa wakilala nje wakingoja treni.

Siku iliyofuata Chomba alikuja na ufunguo wa geti la Mama Misenga.

"Siye wote tumesema njo weye utachunga kisima. Acheni mvua iisafishe kidogo, kisha bantu batachota tena. Weye hauna mambo mingi."

Zakari aliupokea. Alima, aliyekuwa akipepeta unga pembeni, aliacha kupepeta. Chomba alipoondoka alisimama mbele ya mumewe.

"Baba Mounira. Ile siku ulitukataza mayi ya pale, hakuna muntu alikuwa anaumwa."

Zakari aliugeuza ufunguo kiganjani.

"Ulikuwa unajua."

"Nilisikia harufu," alisema. "Iko ile mapipa. Nilisafishia pale ku shimo."

Alima alikaa chini, akaukalia mchanga kama mtu aliyechoka kutembea. "Siye ulitukinga," alisema polepole. "Bale bengine ukaacha bakunywe. Mutoto ya Ngosa, miye nilimuosha siku alizaliwa." Kisha akaongeza: "Na ile mama, alikupatia chumvi yake ya mwisho juzi juzi. Utaenda kumuambia. Kama hauende, nitaenda miye na tumbo yangu."

Alikwenda. Stesheni ilikuwa imejaa watu na vitu: makabati, mashine za kushonea, kuku waliofungwa miguu, wagonjwa waliolazwa kwenye mikeka. Harufu ya vyoo ilifika hadi barabarani. Alimtafuta kwa muda mrefu, akamkuta amekaa juu ya godoro lake chini ya ukuta, Dorcelle amelala amemwekea kichwa pajani. Alipomwona hakusimama.

Zakari alichuchumaa. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini alichoweza kusema ni, "Mama Misenga, ilikuwa miye."

"Ninajua," alisema.

"Unajua?"

"Papa Mounira, uzio iko ya matete. Nilikuona unaosha ile mapipa. Mayi ilipoanza kunuka, niliambia huyu mutoto asikunywe, miye nikaendelea kidogo kidogo ili bantu basiseme ninaogopa kisima yangu. Nilifikiri utasema. Kila siku nilifikiri, leo atakuja kusema."

"Juu ya nini haukusema weye, siku bote balikuwa pale?"

Alimtazama kwa mshangao, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo la wazi.

"Miye? Mu ile siku? Nani angenisikia? Weye njo walikuuliza."

Dorcelle aliamka, akamwona Zakari, akageuza uso upande wa ukuta. Zakari alisema atamrudisha nyumbani, atazungumza na watu, atasimama mlangoni yeye mwenyewe. Mama Misenga alitikisa kichwa. Alisema amekwisha kuonja mawe, hana haja ya kuonja kingine. Akamwomba atafute maji safi ya kumpa binti yake, maana pale stesheni watu walikuwa wanaharisha. Zakari akatoka, akazunguka hadi akapata, akarudi na bidoni iliyojaa. Mama Misenga na binti yake walikuwa wamehamishiwa upande mwingine wa reli na askari hawakumruhusu kupita. Aliwaachia bidoni wageni waliokuwa karibu. Treni iliondoka baada ya siku chache, kabla hajawaona tena.

Ijumaa, baada ya sala, aliwaita majirani kwenye ua wa Mama Misenga, Wakristo na Waislamu. Aliwaambia yote: mapipa, shimo, harufu, na kwamba aliwakataza watu wa nyumba yake akawaacha wao wanywe. Sehemu hiyo ya mwisho aliirudia ili wote wasikie. Alitegemea kupigwa. Alitamani kupigwa.

Hakuna aliyemgusa. Watu waliangalia miguu yao. Kama Zakari alikuwa na kosa, basi na wao mawe yao yalikuwa yamempiga mtu asiye na kosa, na hilo hakuna aliyetaka kulibeba nyumbani. Chomba akasogea mbele.

"Mambo imekwisha kupita," alisema, sauti chini kwa mara ya kwanza. "Mama alienda. Tuachane nayo."

"Na mapipa nilileta miye," aliongeza, akatoka getini.

Ngosa pekee ndiye aliyemkaribia. Alikuwa amembeba mwanawe, mtoto amekonda. Alisimama mbele ya Zakari, akampandisha mtoto begani, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuchota tena kwenye kisima kile hadi alipohama mtaa, na hakuitikia salamu ya Zakari. Zakari aliendelea kumsalimia.

Alirudisha funguo za msikiti bila kuombwa. Kisha akaanza kazi. Alilichimbua lile shimo hadi udongo ukaacha kunuka, akautia ndani ya mapipa yaliyobaki, akayaziba kwa risasi ya kulehemu na kuyapanga juu ya matofali chini ya kibanda. Hakuna ofisi iliyoyataka. Wakati huo ofisi zenyewe hazikuwa na viti. Yalibaki uani kwake, na kila mteja aliyekuja kununua mbabula aliuliza yana nini, naye alijibu.

Kisima alikitoa maji mara nyingi, yeye na kamba, baadaye Alima akaja na mtoto mchanga mgongoni, baadaye wengine wachache. Mmoja alipendekeza maji hayo yamwagwe mtoni. Zakari alikataa. "Chini kule kuna bantu pia," alisema, "na banamwagilia mboga." Waliyabeba hadi kwenye kipande kikavu kando ya barabara, mbali na visima vyote, ndoo baada ya ndoo. Kwa misimu miwili ya mvua aliufunga mdomo wa kisima kwa mfuniko wa bati wenye kufuli, na watu wakapanda kwa Muhindo, ambaye alilalamika lakini hakufunga geti.

Kutoka hapo, bila kutumwa na mtu, alianza kupita kwenye viwanja vya wengine. Naviundu ilikuwa imejaa visima vilivyochimbwa kwa haraka, na karibu na kila kisima palikuwa na kitu: choo, rundo la samadi, shimo la takataka, maji ya sabuni. Alikaa na watu, akaonyesha mteremko, akasema maji ya chini hayaoni uzio. Aliomba choo kipya kichimbwe upande wa chini. Aliomba samadi isogezwe. Aliyekubali alimtengenezea mfuniko wa kisima bure.

Musonda, fundi wa magari, alikuwa akimwaga oili chafu nyuma ya karakana.

"Nani anakutuma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi weye uko nani wa kunifundisha?"

"Miye njo niliharibu mayi ya Mama Misenga," alisema Zakari. "Bantu balimufukuza, na miye nilikuwa ninajua."

Hakupenda kusema hivyo. Kila mara shingo ilimwaka kama siku ya kwanza. Lakini aliona kwamba maneno hayo yaliwanyamazisha watu kuliko maelezo yoyote ya mteremko. Musonda alianza kukusanya oili kwenye kopo kubwa. Wengine walicheka, wakaendelea kama zamani; Chomba hakusogeza choo chake mpaka kilipoanguka chenyewe. Hakuna aliyelazimishwa, na Zakari hakurudi kugombana na mtu.

Miaka ikapita, na serikali mpya, na vita, na fedha mpya. Kisima kilitumika tena. Wapangaji wapya walimwona mzee anayefunika visima, wakamheshimu. Parokia moja ya Annexe, pembezoni mwa mji, ambako watu wanalima hadi kwenye milango ya nyumba, ilimwita aongee na wakulima wanaoosha mapampu ya dawa kwenye mikondo ya maji. Padri alitaka kumtambulisha kama mfano mwema. Zakari alimwomba asifanye hivyo, na padri alipouliza sababu akamsimulia. Padri akamwachia asimame ajitambulishe mwenyewe.

Siku moja ya Oktoba, jua kali, mwanamke kijana aliingia uani kwake akiwa na mkoba wa safari. Alikuwa anafanya biashara ndogo na alikuwa njiani kwenda Sakania, mpakani. Zakari hakumtambua. Alima ndiye aliyeacha sufuria akamkumbatia.

"Dorcelle," alisema.

Mama yake alikuwa hai, huko Mwene-Ditu, Kasai, amezeeka, anauza mchicha. Kuhusu Lubumbashi haongei. Zakari alisimama. Akaingia ndani, akatoka na glasi ya maji juu ya sahani, yamechotwa asubuhi ile kwenye kisima cha Mama Misenga. Jasho lilikuwa linamtoka Dorcelle kwenye paji la uso.

"Asante, Papa Mounira," alisema. "Sina kiu."

Alisema kwa adabu kabisa. Zakari akaiweka glasi juu ya mbabula mpya iliyokuwa haijauzwa.

Akamwambia kwamba nyumba ipo, kisima kipo, kwamba hata wapangaji wapya wa mtaa wanajua ni mali ya nani. Dorcelle alisikiliza bila kuonyesha kama anataka au hataki. Alichokuja kuuliza kilikuwa kingine. Mama yake alimwagiza aone kaburi la baba yake, na makaburini ameshindwa kulipata, majani yamefunika yote.

"Unajua ilikuwa upande gani?" alimwuliza.

Zakari alitazama upande wa kisima. Alikuwa amepitisha miaka hiyo yote akikitunza kile kisima, na hakuwa amewahi kwenda kufyeka kaburi la aliyekichimba. Hakujua hata lilipo.

"Sijui, mwanangu," alisema.

"Miye ninajua," alisema Alima, akifunga kitambaa kichwani. "Tulimuzika karibu na ukuta. Tuende."

Wanawake wawili wakatangulia. Zakari akachukua panga la kufyekea, akawafuata nyuma.